Daraja la WebView: kagua fremu inayoita, usikague ukurasa unaoonekana

Ndugu yangu, usitoe toleo hilo la programu lenye WebView, yaani dirisha la kivinjari lililomo ndani ya programu, na daraja linaloruhusu ukurasa kuita msimbo wa programu. Mpango uliopewa na mchangiaji aliyetangulia hapo juu, wa kuandika funksheni moja iitwayo "tekeleza" itakayopokea kutoka JavaScript jina la klasi, jina la funksheni na hoja zake, kisha kuilinda kwa kuangalia iwapo jibu la getUrl(), yaani anwani ya ukurasa uliofunguliwa, linaanza na anwani ya kampuni yenu, ndio mpango ule ule uliovujisha tokeni za watumiaji wetu, yaani funguo za kidijitali zinazothibitisha kwamba mtumiaji ameshaingia. Umeuliza mambo matatu: namna ya kurudisha matokeo kwenye ukurasa, kwa nini programu inaanguka pale funksheni inapojaribu kubadilisha kitufe, na kama msimbo huo utafaa pia kwenye iPhone na Windows. Lakini katikati ya maelezo yako umetaja kwa kupita tu kwamba dirisha hilo hilo litaonyesha matangazo na kurasa za washirika wenu. Hilo ndilo lililonifanya niandike, na nitaanza nalo.

Unapoita addJavascriptInterface, funksheni ya Android inayoweka daraja hilo, na kukipa kitu chako jina, tuseme "Programu", unadhani umeupa ukurasa wenu uwezo wa kuita msimbo wa programu. Ulichofanya ni kulipa dirisha zima uwezo huo. Kuanzia upakiaji wa ukurasa unaofuata, kila fremu (ukurasa mkuu, au ukurasa uliopachikwa ndani ya mwingine) inayofunguka ndani ya WebView hiyo inakuta window.Programu iko tayari: fremu kuu ya kampuni yenu, fremu ya tangazo iliyopachikwa ndani yake, fremu ya ramani, fremu ya mazungumzo na huduma kwa wateja, na fremu nyingine yoyote ambayo tangazo lenyewe limeamua kuifungua ndani yake. Nyaraka rasmi za Android zinalieleza jambo hili waziwazi. Zinasema kwamba kitu hicho hupatikana katika fremu zote, zikiwemo za iframe, yaani zilizopachikwa ndani ya ukurasa, na kwamba upande wa programu hauna njia ya kujua chimbuko la fremu iliyoita. Kwa hiyo, kwa mujibu wa waliokitengeneza chombo hiki, huruhusiwi kumwamini anayeita isipokuwa una hakika kwamba maudhui ya mtu wa nje hayatapakiwa kamwe katika WebView hiyo, hata ndani ya iframe.

Fikiri maana yake. Vivinjari vimetumia miaka mingi kujenga ukuta kati ya machimbuko tofauti, na chimbuko hapa ni itifaki, jina la seva na namba ya poti kwa pamoja. Kwa sababu ya ukuta huo, tangazo lililo ndani ya iframe haliwezi kusoma ukurasa unaolibeba, haliwezi kusoma kuki zake, wala haliwezi kugusa fomu zake. Wewe unakuja na kitu kimoja cha Java, unakiweka pande zote mbili za ukuta, na ndani yake unaweka funksheni inayorudisha tokeni ya mtumiaji. Tangazo halihitaji tena kuuvunja ukuta, maana mlango umeshafunguliwa na programu yenyewe.

Kwetu ilikuwa hivi. Programu ilikuwa na daraja lenye funksheni za kupiga picha, kuhifadhi faili na kutoa tokeni ya kikao ili ukurasa uweze kuzungumza na seva bila mtumiaji kuingia upya. Ukurasa wa mwanzo ulikuwa na nafasi ya tangazo, na tangazo lilitoka kwa mtandao wa matangazo ambao nao ulilipata kwa mtu mwingine ambaye hatukuwahi kumjua. Jina la daraja halikuwa siri, kwa sababu lilisomeka ndani ya faili zetu za JavaScript, ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua. Skripti iliyokuwa ndani ya fremu ya tangazo iliita funksheni ya tokeni, ikapewa, ikaipeleka kwa wenyewe. Hakuna kilichoonekana kwenye skrini. Mtumiaji hakuulizwa chochote, simu haikutoa onyo, na ukaguzi wetu wa anwani, ule ule unaoshauriwa kuuweka, uliruhusu kila wito bila tatizo lolote. Tuligundua kwenye kumbukumbu za seva, pale tokeni zilipoanza kutumika kutoka mashine ambazo hazikuwa na uhusiano wowote na simu za wateja.

Kwa nini ukaguzi uliruhusu? Kwa sababu getUrl() inakuambia anwani ya ukurasa mkuu tu, na haikuambii ni fremu ipi iliyoita. Tangazo likiita kutoka ndani ya iframe, ukurasa mkuu bado ni wa kampuni yenu, na jibu la getUrl() litakuwa anwani yenu halali, herufi kwa herufi. Ni sawa na mlinzi anayesoma jina la mwenye nyumba lililobandikwa getini, kisha akamruhusu kila anayepita kwa sababu jina ni sahihi. Ukaguzi wa namna hii ni mbaya kuliko kutokuwa na ukaguzi kabisa, kwa sababu unawatuliza watu. Kwenye mapitio ya msimbo kila aliyeuona aliona neno la ulinzi, akapitisha.

Kuna balaa jingine humo humo. Funksheni za addJavascriptInterface haziitwi kwenye uzi mkuu wa programu, yaani mfuatano wa kazi unaoshughulikia skrini. Huitwa kwenye uzi wa pembeni unaoitwa JavaBridge, ilhali kila funksheni ya WebView, pamoja na getUrl(), lazima iitwe kwenye uzi mkuu. Ukiiita moja kwa moja kutoka ndani ya daraja utapata kosa linalokuambia kwamba WebView imeguswa kutoka uzi usio wake. Ndipo mshauri atakapokuambia uhifadhi anwani katika kigezo ndani ya onPageStarted, kisha daraja lisome kigezo hicho. Sasa umeongeza tatizo la wakati juu ya tatizo la fremu, kwa sababu onPageStarted huitwa pale upakiaji wa ukurasa mpya unapoanza, na katika kipindi hicho ukurasa wa zamani unaweza kuwa bado upo na skripti zake bado zinafanya kazi. Kwa muda huo mfupi, ukurasa wa mshirika unaoelekea kufungwa unaita daraja huku kigezo kikiwa na anwani yenu.

Halafu kuna huko "kuanza na". Tuseme anwani yenu ni https://duka.example. Anwani https://duka.example.mhalifu.test nayo inaanza na maandishi hayo hayo, na seva yake ni ya mhalifu. Anwani https://duka.example@mhalifu.test pia inaanza hivyo, lakini kila kilichotangulia alama ya @ ni jina la mtumiaji tu, na seva ni mhalifu.test. Wanaotumia contains() ndio wameacha mlango wazi kabisa, kwa sababu inatosha jina lenu kuwekwa popote, hata mwishoni mwa anwani. Ukilazimika kulinganisha anwani, ichambue kwanza, kisha linganisha itifaki, seva na poti, kila kimoja kwa usawa kamili.

Mpango huu tuliuziwa, na nina haki ya kukasirika. Ulitoka katika kozi ya kulipia, ya mkufunzi mwenye wafuasi wengi, na alituandikia kwa mkono wake, tulipomuuliza, kwamba "ukurasa ni wenu, kwa hiyo daraja ni lenu." Sentensi hiyo ni ya uongo, na yeye alikuwa katika nafasi ya kujua kwamba ni ya uongo, kwa sababu onyo limo katika maelezo ya funksheni ile ile aliyokuwa akiifundisha. Somo lile halikutaja iframe hata mara moja. Tulipomwandikia baada ya tukio, alijibu kwamba somo lilikuwa la wanaoanza. Wanaoanza ndio wanaonakili msimbo kama ulivyo! Mtu anayefundisha wanaoanza kuweka tokeni ndani ya daraja bila kuwaambia nani anaweza kuliita anawaweka hatarini watu ambao hawatajua kamwe kwamba kozi hiyo ilikuwepo, yaani watumiaji wa programu zao. Ndiyo maana nilipoona ushauri ule ule umeandikwa tena hapo juu, na watu wanaushukuru, sikuweza kupita kimya. Anayetaka kucheka kwamba tulipaswa kusoma nyaraka wenyewe, acheke, lakini kwanza afungue msimbo wa programu yake atafute mahali ilipo getUrl.

Sasa nije kwenye hiyo funksheni ya "tekeleza", kwa sababu hapo unataka kurudisha kwa hiari shimo ambalo Android ililiziba. Kabla ya Android 4.2, iliyotoka mwaka 2012, kitu chochote ulichokiweka kwa addJavascriptInterface kiliacha wazi funksheni zake zote za hadharani, zikiwemo zile kilizorithi kutoka klasi mama ya Java. Mojawapo ni getClass. Kutoka getClass, skripti iliweza kupata klasi nyingine yoyote kwa jina lake, ikafika java.lang.Runtime, na kutoka hapo ikaendesha amri za mfumo kwa ruhusa zote za programu. Udhaifu huo umeorodheshwa kwa namba CVE-2012-6636. Suluhisho la Android lilikuwa kwamba, kwa programu zinazolenga toleo la 17 la API (yaani Android 4.2) na kuendelea, JavaScript huona tu funksheni ulizoziwekea alama ya @JavascriptInterface kwa mkono wako. Alama hiyo ipo ili kila mlango ufunguliwe kwa kukusudia, mmoja mmoja. Wewe sasa unataka kuiweka juu ya funksheni moja inayofungua klasi yoyote kwa jina lake. Naelewa sababu yako, kwamba hutaki kutoa toleo jipya la programu kila ukurasa unapohitaji uwezo mpya. Lakini huko kuchelewa ndiko kunakokupa nafasi ya kujiuliza kama uwezo huo unafaa kuwa mikononi mwa ukurasa. Andika funksheni chache, nyembamba, zenye majina ya kazi: pigaPicha, hifadhiRisiti, funguaMipangilio. Isiwepo hata moja inayopokea njia ya faili kama ilivyotumwa, wala inayopokea anwani ya intaneti na kuipakua, wala inayorudisha tokeni. Ukurasa ukihitaji kuzungumza na seva kwa niaba ya mtumiaji, programu iutume wito huo yenyewe na kurudisha data tu, ili tokeni isiguse JavaScript kabisa.

Nieleze pia kwa nini kosa hili ni ghali kuliko mengine ya upande wa ukurasa, maana hilo ndilo watu wanalolidharau. Ukurasa ukiwa na kosa, unaubadilisha kwenye seva na kila anayeufungua anapata uliosahihishwa. Daraja limo ndani ya programu iliyokwisha kusakinishwa katika simu za watu, na huwezi kwenda kulitoa. Tuliondoa tangazo mara moja, tukafuta tokeni zote ili kila mtumiaji aingie upya, tukatoa toleo jipya, na bado simu nyingi zilibaki na toleo la zamani kwa sababu wenyewe hawakusasisha. Ilibidi seva ikatae matoleo ya zamani, na kuyakataa ni kumzuia mteja ambaye hana kosa asione oda yake mpaka asasishe. Wengine simu zao hazikuwa na nafasi ya kusasisha. Huduma kwa wateja walibeba lawama hizo simu baada ya simu, na wao ndio waliokuwa mbali kabisa na uamuzi ule. Kwa hiyo, hata kama hutabadilisha kitu kingine chochote katika mpango wako, weka tangu toleo la kwanza uwezo wa seva kuzima daraja au kumwambia mtumiaji asasishe, kwa sababu siku utakayouhitaji hutaweza kuuongeza.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: kila wito unaovuka daraja uamuliwe kwa chimbuko la fremu iliyoita, kama lilivyotajwa na injini ya kivinjari kwa wito huo huo, na lisipojulikana wito ukataliwe. Chimbuko hilo haliwezi kutoka kwenye kitu ambacho ukurasa umejaza wenyewe ndani ya JSON, yaani data ya ujumbe wake, wala kwenye anwani uliyoihifadhi mapema, wala kwenye ukurasa unaoonekana.

Kwa Android, njia inayokuwezesha kufuata kanuni hiyo ni WebViewCompat.addWebMessageListener, iliyomo katika maktaba ya androidx.webkit. Unaipa jina la kitu, seti ya machimbuko yanayoruhusiwa, na kipokezi. Kitu hicho huwekwa tu katika fremu ambazo chimbuko lake limo katika seti, kwa hiyo tangazo halikioni kabisa. Ujumbe ukifika, onPostMessage inapewa sourceOrigin, yaani chimbuko halisi la aliyetuma, pamoja na isMainFrame inayokuambia kama ni fremu kuu au ya ndani. Inaitwa kwenye uzi mkuu, jambo linalokuondolea na lile anguko la kitufe uliloliuliza, ambalo chanzo chake ni uzi wa JavaBridge niliouelezea. Ukibaki na addJavascriptInterface itakubidi upeleke kila mabadiliko ya skrini kwenye uzi mkuu kwa post au runOnUiThread. Kabla ya kuitumia njia mpya, uliza WebViewFeature.isFeatureSupported kwa WEB_MESSAGE_LISTENER, kwa sababu injini ya WebView katika simu za zamani inaweza isiwe nayo. Ikiwa haipo, usirudi kwenye daraja la zamani kama njia mbadala, kwa sababu utakuwa umewalinda wenye simu mpya na kuwaacha wengine. Zima uwezo huo na uwape ukurasa wa kawaida. Na tafadhali, katika seti ya machimbuko usiandike nyota peke yake. Nyota inaruhusu kila mtu, na nimeiona katika msimbo wa watu wenye uzoefu waliotaka tu "kujaribu kwanza" kisha wakasahau.

Kuhusu kurudisha matokeo, hapa pia daraja la zamani lina mtego ambao hauonekani mpaka ukuumize. Wengi huunganisha maandishi, yaani jina la funksheni ya JavaScript, mabano, alama ya nukuu, matokeo, alama ya nukuu, kisha evaluateJavascript, inayoyaendesha maandishi hayo kama skripti ndani ya ukurasa. Jina la mteja lenye kiapostrofi, kama Ng'wanza, linavunja skripti nzima, na maandishi yaliyotungwa na mtu mwenye nia mbaya yanageuka kuwa skripti inayofanya kazi ndani ya ukurasa wenu. Angalau pitisha matokeo kwenye JSONObject.quote, inayoyageuza kuwa maandishi yaliyonukuliwa salama. Lakini hata ukifanya hivyo, evaluateJavascript hupeleka matokeo kwenye ukurasa mkuu uliopo wakati huo. Mtumiaji akiwa amebofya kiungo wakati kamera inafungwa, ukurasa mkuu ni mwingine, na matokeo yaliyokusudiwa kwa kampuni yenu yanatua kwa mgeni. Kwa njia ya addWebMessageListener unapewa replyProxy, na jibu lake linaelekezwa kwa fremu ile ile iliyouliza. Weka namba katika kila ombi na uirudishe namba hiyo katika jibu, ili ukurasa ujue jibu lipi ni la ombi lipi.

Kwenye iPhone msimbo wa Android hautafanya kazi, lakini kanuni ni ile ile. Katika WKWebView, iliyokuja na iOS 8 mwaka 2014, ukurasa huita window.webkit.messageHandlers, kisha jina ulilolisajili, kisha postMessage. Usidanganyike kwamba huko uko salama kwa sababu tu ni jukwaa jingine, kwani fremu za ndani nazo zinakiona kipokezi hicho. Tofauti nzuri ni kwamba kila ujumbe unakuja na frameInfo, na ndani yake mna isMainFrame na securityOrigin yenye itifaki, seva na poti. Visome kabla hujagusa mwili wa ujumbe. Kuanzia iOS 14 kuna WKScriptMessageHandlerWithReply, inayorudisha jibu kwa ukurasa kama Promise (jibu ambalo JavaScript hulisubiri), na hapo huhitaji kuunganisha maandishi. Jambo moja la pembeni litakalokuokolea muda: WKUserContentController humshikilia kwa nguvu kipokezi ulichompa, kwa hiyo ukimpa skrini yako nzima kuwa kipokezi, skrini hiyo haitaachiliwa kwenye kumbukumbu. Tengeneza kitu kidogo cha kati kinachoishikilia skrini kwa rejeo dhaifu, lisiloizuia kuachiliwa.

Kwa Windows tumia WebView2, dirisha la Microsoft la namna hiyo hiyo, na upendelee ujumbe kuliko vitu vya programu vilivyoachwa wazi. Tukio la WebMessageReceived linakuja na Source, anwani ya waraka uliotuma, nayo ichambue kama nilivyoeleza. AddHostObjectToScript inavutia kwa sababu ukurasa unaita funksheni za programu kana kwamba ni zake, lakini ukiwa huihitaji, izime kwa AreHostObjectsAllowed. Usianze kazi mpya kwa kidhibiti cha zamani cha WebBrowser na window.external yake, kwani injini yake ni ile ya Internet Explorer.

Kuna hoja tatu ambazo najua zitaletwa hapa chini, basi nizijibu. Ya kwanza ni kwamba tutaondoa daraja kwa removeJavascriptInterface kabla ya kufungua kurasa za nje. Uondoaji huo hauonekani kwenye JavaScript mpaka ukurasa upakiwe tena, na haugusi kabisa tatizo la tangazo lililomo ndani ya ukurasa wenu wenyewe. Ya pili ni kwamba tutazuia kurasa za nje kwa shouldOverrideUrlLoading. Funksheni hiyo haiitwi kwa maombi ya POST, kwa hiyo fomu moja inatosha kuipita. Itumie kwa kuelekeza viungo, usiitegemee kama ukuta. Ya tatu ni kwamba tutalipa daraja jina refu lisilokisika. Jina lolote ambalo ukurasa wenu unalitumia limo ndani ya ukurasa wenu, na kila anayeufungua analipata.

Linalofaa kwa kurasa za washirika ni kuwa na dirisha la pili lisilo na daraja lolote, au bora zaidi, kuzifungua kwa Custom Tabs katika Android na SFSafariViewController katika iPhone, zinazoonyesha kurasa kwa kivinjari cha simu, ili zisiguse programu yenu. Tangazo nalo, kama lazima liwepo, lionyeshwe na programu yenyewe nje ya WebView yenye daraja. Na hata kurasa zenu zikibaki peke yake, kumbuka kwamba skripti ya mtu wa nje iliyoingizwa kwa script src inafanya kazi kwa chimbuko lenu, na hakuna ukaguzi wa chimbuko utakaoitofautisha na msimbo wenu. Ndiyo maana nasisitiza funksheni nyembamba, na kwa jambo lolote la fedha au faragha, programu imuulize mtumiaji kwa kisanduku chake yenyewe, kisichochorwa na HTML.

Kabla ya kutoa toleo, weka kwa makusudi iframe yenye chimbuko jingine ndani ya ukurasa wa majaribio, na ndani yake skripti inayojaribu kuita kila funksheni ya daraja moja baada ya nyingine. Jaribio hilo liendeshwe kila mara mnapojenga programu, kwa sababu daraja hukua, na anayeongeza funksheni mwakani huenda asiwe wewe. Ukipenda, weka hapa orodha ya funksheni ulizopanga pamoja na seti ya machimbuko, bila anwani halisi za kampuni, nami nitazipitia moja moja.